Timu Isiyo na Dirisha la Usajili

Kidato cha tano huripoti shuleni Julai, na kidato cha sita humaliza mtihani wao Mei. Kwa mwalimu wa darasani hiyo ni kalenda tu. Kwa mwalimu wa michezo ndiyo hesabu nzima ya kazi yake, maana UMISSETA, mashindano ya michezo ya shule za sekondari, kwa kawaida huchezwa Juni, wakati wachezaji wake waliokomaa wameshafunga mabegi na kurudi makwao. Anabaki na vijana aliowapokea mwaka uliopita, waliotoka mikoa tofauti, kila mmoja na uchezaji wake. Hana dirisha la usajili. Akikosa beki wa kushoto, inabidi amtengeneze.

Ninaiheshimu sana kazi hii, na kwa maoni yangu hatujaipa nafasi yake. Magazeti humwandika kocha anayefukuzwa Dar es Salaam kwa kupoteza mechi tatu. Mwalimu aliyekaa miaka mingi katika sekondari za Malangali, Tosamaganga au Iyunga akitoa vijana kila mwaka, habari zake huishia kwenye ubao wa matangazo wa shule. Lakini ukitaka kuona ufundi wa ukocha bila pesa kuufunika, nenda jioni kwenye kiwanja cha shule, Iringa au Mbeya, ukae pembeni utazame.

Anza na kiwanja chenyewe. Huku milimani eneo la tambarare ni haba, na viwanja vingi vina mteremko, vibonde na vipara vya nyasi. Wakati wa masika udongo unang'ang'ania njumu. Ikifika Juni ni baridi na vumbi, na timu isiyopasha misuli vya kutosha itapoteza mtu kabla ya mapumziko. Mbeya iko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, Iringa chini yake kidogo. Kijana aliyetoka Pwani huhema wiki za mwanzo, na mwalimu mwenye busara hamhukumu kwa pumzi za Julai.

Kocha mmoja wa sekondari niliyemtazama Iringa hutumia muda wake mwingi kwenye jambo moja: kupokea mpira. Anawapanga vijana wanne kwenye pembe za mraba, kwa koni au kwa mawe koni zikipungua. Sharti ni kwamba kabla mpira haujafika, mpokeaji ageuze shingo aone nyuma yake kuna nani, kisha autulize kwa mguu ulio mbali na aliyeupiga. Ukiupokea kwa mguu wa karibu, mwili unafungwa, na unabaki umeelekea ulikotoka mpira. Ukiupokea kwa mguu wa mbali umeshageuka, na kwenye kiwanja chenye vibonde ile nusu hatua ndiyo inayokuokoa mpira ukidunda vibaya. Hapigi kelele. Kijana akikosea, kocha anasimamisha zoezi, anamshika bega, anamgeuza kidogo tu, anarudi pembeni. Mpira unaanza tena. Zoezi hilo hurudiwa jioni baada ya jioni kabla hawajaruhusiwa kucheza mechi ya wao kwa wao, na vijana hulalamika, na yeye huwasikiliza kisha anaendelea.

Kwamba ujenzi wa namna hii unaweza kufika mbali, Mbeya ilishaonyesha. Mkoa ulikuwa na kumbukumbu ya Tukuyu Stars, mabingwa wa Tanzania Bara mwaka 1986, na baadaye Tanzania Prisons. Kisha mwaka 2011 Halmashauri ya Jiji ikaanzisha Mbeya City, na msimu wa 2013/14 timu hiyo ikaingia Ligi Kuu chini ya kocha Juma Mwambusi, ikiwa na wachezaji ambao mashabiki wengi wa Dar es Salaam hawakuwajua hata kwa majina. Walimaliza mzunguko wa kwanza bila kufungwa. Walimaliza msimu wakiwa wa tatu, nyuma ya Azam na Yanga, juu ya Simba. Uwanja wa Sokoine ulikuwa ukifurika zambarau na nyeupe, rangi za timu. Kinachonivutia zaidi ni kilichofuata: mwaka 2015 Deus Kaseke akachukuliwa na Yanga, na mwaka huohuo Mwambusi naye akaitwa Yanga kuwa msaidizi wa Hans van der Pluijm. Klabu kubwa zilikuja kuvuna shamba ambalo hazikulilima.

Iringa nayo ilipata zamu yake. Klabu ya Lipuli, chini ya kocha Selemani Matola, nahodha wa zamani wa Simba, iliitoa Yanga kwenye nusu fainali ya Kombe la Shirikisho la Tanzania mwaka 2019, pale Uwanja wa Samora. Mshambuliaji wake mmoja alikuwa Paul Nonga, aliyewahi kuwa na Mwambusi Mbeya City. Fainali ilichezwa Lindi na Azam wakashinda 1-0, lakini kwa timu ya mji ule kufika pale ilikuwa kazi kubwa ya benchi la ufundi.

Mwalimu wa shule hapati fainali ya namna hiyo, na mchezaji wake bora akiitwa timu ya mkoa hufundishwa na mtu mwingine. Julai anaanza upya. Nilimuuliza yule wa Iringa huwa anatazama nini wageni wa kidato cha tano wanapocheza kwa mara ya kwanza, nikitegemea ataniambia kasi au chenga. Akasema huwa hamtazami mwenye mpira. Anamtazama aliyetoka kuupoteza: amesimama akishika kiuno, au ameshageuka anarudi kukaba. Chenga atazifundisha yeye, alisema. Yule anayerudi humwandika jina siku hiyohiyo.