Sumaku, Uzi na Njiti ya Kiberiti

Asubuhi za masika, simama Ipogolo pale njia ya Kilolo inapoteremkia barabara kuu, uhesabu baiskeli za ulanzi, pombe ya mianzi. Dumu moja la lita 20 limelala juu ya keria, mengine mawili yananing'inia ubavuni, vifuniko vimelegezwa kidogo maana ulanzi haukubali kufungiwa; unachemka njia nzima. Hizo ni kilo 60 kabla hujampima mwenye mzigo. Sasa mtazame miguuni. Katambuga ya kulia imebana tairi. Breki zilizokuja na baiskeli zilikwisha siku nyingi, na mteremko haujapungua.

Mimi natokea upande wa Dabaga, na baiskeli yangu ya kwanza ya gia niliinunua kwa macho. Ilikuwa nyekundu, ina shokapu mbele na katikati, diski mbili, na vibandiko vya ndimi za moto. Kila nilipokanyaga mlimani ilinesa kama godoro. Nusu ya nguvu zangu iliishia kwenye springi. Masika moja tu shokapu ya mbele ikashika kutu ndani, haikupanda wala kushuka tena, ikabaki uma wa chuma mzito kuliko uma wowote niliowahi kuubeba. Tangu hapo nikipita dukani siangalii rangi.

Baiskeli ya laki tatu ina laki tatu tu ndani yake. Kiwanda kikiongeza shokapu na diski bila kuongeza bei, hela hiyo kimeitoa mahali, na aghalabu huitoa pale jicho lisipofika: kwenye gololi, kwenye spoku, kwenye ekseli. Kazi yako mnunuzi ni kugundua imetolewa wapi. Kwa kazi hiyo mimi hubeba vitu vitatu mfukoni: sumaku niliyoing'oa kwenye spika mbovu ya redio, uzi wa fundi cherehani wa kama mita tatu, na kiberiti. Muuzaji atacheka. Mwache acheke.

Anza na magurudumu, na ukae hapo muda mrefu kuliko sehemu nyingine yoyote. Inua gurudumu la mbele, shika njiti ya kiberiti kwenye raba ya breki, ncha yake ikaribie rimu pasipo kugusa, kisha zungusha taratibu. Nafasi kati ya njiti na rimu ikibaki ileile mzunguko mzima, sawa. Ikisogea unene wa njiti kwenda na kurudi, fundi atanyoosha. Ikigonga njiti upande mmoja na kuachia pengo la kidole upande wa pili, irudishe ulipoikuta. Baada ya hapo binya spoku mbili mbili kwa vidole, halafu zipige kwa kucha mojamoja huku umetega sikio, kama mpiga zeze anavyopima nyuzi. Za upande mmoja zitoe sauti zinazokaribiana. Ukisikia moja inalia "ting" na jirani yake inajibu "bwe", gurudumu hilo limekazwa na mtu aliyekuwa na haraka, na spoku zilizolegea ndizo hukatika mzigo ukipanda. Hesabu pia: 36 ni bora kuliko 32 kwa mtu wa keria.

Tazama tundu la nozeli kama tairi halijavishwa, au mwombe muuzaji atoe upepo na kusogeza tairi kidogo. Rimu nzuri ina kuta mbili, na ukichungulia tundu utaona uwazi katikati kama wa mwanzi. Ya ukuta mmoja ni bati lililokunjwa. Likikutana na mawe ya kuteremkia Udekwa linabonyea. Sasa toa sumaku. Ikinasa kwenye rimu, hiyo ni chuma kilichopakwa kromu, na kromu ikilowa inateleza. Raba za breki hushika vizuri zaidi kwenye alminiamu wakati wa mvua, na Kilolo ya juu mvua na ukungu havina haya. Hapo sina masikilizano: kama fedha yangu inatosha kitu kimoja tu cha ziada, basi ni rimu mbili za alminiamu zenye kuta mbili. Mengine tutayavumilia.

Ajabu yake, sumaku hiyohiyo ikinasa kwenye fremu usihuzunike. Wauzaji hupenda kusifia alminiamu kwa wepesi wake, na ni kweli nyepesi. Lakini fremu ya chuma ikipasuka ukiwa Ilula, mchomeleaji wa mageti ataiunga jioni hiyohiyo. Ya alminiamu inataka mtambo mwingine na mkono mwingine, na huenda usivipate vyote mpaka mjini. Cha kuhofia kwenye fremu ni kupinda. Funga ncha ya uzi kwenye sehemu ya nyuma inapokaa ekseli, uupitishe mbele kuzunguka bomba la usukani, uurudishe upande wa pili wa ekseli, uukaze. Pima umbali kutoka uzi hadi bomba la kiti, kulia na kushoto. Vipimo vikitofautiana kwa zaidi ya milimita tatu au nne, fremu imekwenda upande, na baiskeli hiyo itakuvuta mtaroni kila ukiachia mkono.

Nikiwa bado na uzi mkononi huangalia na uma. Baiskeli hizi huja zimekunjwa kwenye maboksi, huunganishwa dukani na kijana anayelipwa kwa idadi, na si mara moja nimeikuta mpya kabisa uma wake umegeuzwa nyuma mbele. Uma unatakiwa upinde kuelekea mbele. Ukigeuzwa, usukani hauendi inavyopaswa na kidole cha mguu hugusa tairi ukikata kona.

Tuje kwenye gia, maana ndiko watu wengi wanakoibiwa kwa adabu.

"Mzee, hii ina gia 21," ataanza kijana.

Namba hiyo haina siri: sahani 3 za mbele mara 7 za nyuma. Nyingi zinarudiana, unabadilisha hapa na pale unajikuta na uzito uleule. Kinachokupandisha mlima ni kitu kimoja tu, sahani ndogo kuliko zote mbele pamoja na kubwa kuliko zote nyuma. Hesabu meno yake, chuchumaa uyahesabu. Chukua baiskeli ya kizamani yenye tairi la 28, meno 48 mbele na 20 nyuma: pedeli ikizunguka mara moja umesogea zaidi ya mita tano. Tambarare inapendeza, mlimani ni adhabu. Sasa chukua tairi la 26, meno 24 mbele na 28 nyuma: mzunguko mmoja unakusogeza chini ya mita mbili, na mapafu yako yanabaki kifuani. Nyuma ukipata 34, bora zaidi. Lakini ukikuta ndogo ya mbele ina 28 na kubwa ya nyuma 28, pedeli ikizunguka mara moja tairi nalo linazunguka mara moja, na ukiwa na mzigo, mlima wa Ipogolo kupanda mjini utausukuma kwa miguu, gia zako 21 zikikusindikiza. Gia ile moja ya chini ndiyo unayoinunua. Zile 20 ni nyongeza.

Kuna jambo la ndani zaidi ambalo muuzaji hatalitaja kwa kuwa halijui. Gia za nyuma za baiskeli za bei yetu hukaa kwenye friwili inayofungwa kwa hesi juu ya habu. Friwili ikinenepa, gololi za upande wa kulia zinabaki mbali ndani, na kipande kirefu cha ekseli kinakaa nje bila cha kukishikilia. Weka madumu matatu juu yake, pita mashimo mawili, ekseli inapinda, halafu inakatika. Ndiyo maana kwa friwili ya hesi mimi huchagua ya gia 6 au 7 na kuikimbia ya 8, ingawa ya 8 ndiyo ghali. Baiskeli za kiwango cha juu hutumia habu ya aina nyingine, yenye gololi hadi pembeni kabisa, lakini kwa laki tatu, ikiwa mpya, hutaiona.

Wanaojua gia kuliko sisi wote wamefikia hukumu inayofanana. Shirika la World Bicycle Relief, lililoanza mwaka 2005 baada ya tsunami ya Bahari ya Hindi, lina uhusiano wa karibu na SRAM, kampuni ya Marekani ambayo biashara yake hasa ni kutengeneza na kuuza gia. Walipobuni Buffalo, baiskeli ya mizigo kwa njia za Afrika, waliipa keria ya kubeba kilo 100, spoku nene, na gia moja. Baadaye walipoona milima inawashinda watu, waliongeza gia ya pili, na hapo wakaacha.

Kwenye breki sina maneno mengi. Diski za bei nafuu ni bati lililokatwa, mikono yake hunepa ukiibana, na raba zake ukizikosa mjini huzipati kwingine kokote. Kisha hukaa palepale ambapo miguu ya keria inataka kupita. Chukua breki za kubana rimu, zile zenye mikono miwili mirefu, ambazo raba zake hata fundi wa chini ya mti anazo. Bana kwa nguvu zako zote baiskeli ikiwa imesimama: mkono wa breki ukigusa mpini, waya umelegea au mkono wenyewe ni wa plastiki. Waya hukazwa. Plastiki ni plastiki.

Baiskeli za milimani zenyewe zilizaliwa na tatizo la breki. Mwaka 1976 vijana wa Marin, California, walianza kushindana kuteremka mlima kwa baiskeli kuukuu zenye tairi nene na breki ya kukanyaga nyuma, kama za babu zetu. Mteremko ulikuwa mkali kiasi kwamba grisi ndani ya habu iliungua, na ilibidi habu ifunguliwe ijazwe upya. Mashindano yakaitwa Repack, yaani kujaza tena. Aliyeshuka mteremko wa Kitonga kwa baiskeli ya mzigo ataelewa jina hilo bila kufafanuliwa.

Ukubwa wa tairi: 26. Kuna 27.5 na 29, zinapita juu ya mawe vizuri zaidi, nakubali. Lakini tyubu ikipasuka ukiwa Idete utataka ile iliyotundikwa kwenye duka la chumvi na sabuni. Hata hivyo angalia, kuna 26 za aina tofauti zisizooana. Soma namba ndogo ubavuni mwa tairi. Ya milimani imeandikwa 559 mwishoni, ile nyembamba ya mjini ni 590. Niliwahi kutembea kwa miguu kutwa nzima nikiwa na tairi jipya begani ambalo halikuvalika.

Halafu angalia matundu ya skrubu karibu na ekseli ya nyuma na chini ya kiti, ya kufungia keria. Baiskeli isiyo na matundu hayo imetengenezewa mtu ambaye mkewe hajamtuma mashineni kusaga mahindi.

Mwisho wa ukaguzi, shika breki ya mbele na uisukume baiskeli mbele na nyuma. Ukisikia mgongano kwenye shingo ya usukani, gololi zimelegea. Shika kranki uitikise kwa upande, vivyo hivyo. Kulegea kidogo hukazwa. Kukwaruza kama kuna mchanga ndani ni habari nyingine. Kaa juu yake, weka gia ya chini kabisa, tafuta mwinuko wowote nje ya duka na ukanyage umesimama. Cheni ikiruka hapo, itaruka hata baada ya kulipa.

Na usilipe hela yote. Katika laki tatu bakiza elfu thelathini, uende nazo kwa fundi mzee, yule ambaye ukimsalimia "kamwene" anaitikia bila kuinua macho kwenye rimu. Mwambie afungue habu zote mbili, shingo na kranki, apake grisi. Atashangaa wewe kumpelekea kitu kipya, kisha atakuonyesha gololi zikiwa kavu, na grisi kiasi cha punje ya mchele. Akishamaliza, panda wiki mbili, urudi tena akaze spoku, kwa maana mpya zote hulegea zikishakaa sawa. Kranki ya kushoto ndiyo hutangulia kucheza kuliko kitu kingine chochote. Spana yake utembee nayo mfukoni mwezi wa kwanza wote, hata ukienda kanisani.