Inspekta Aliyeiharibia Sholay Mwisho Wake

Dakika za mwisho za filamu ya Kihindi ya Sholay, kama zilivyotoka Agosti 15, 1975, ni kosa la ufundi, tena kosa kubwa. Thakur kamwangusha jambazi Gabbar, kamponda mikono kwa viatu vyenye misumari, amebakiza kichwa tu. Ghafla anaingia inspekta ambaye hadithi haikumjenga hata kidogo, anatoa hotuba fupi juu ya sheria, na jambazi anaondoka hai mikononi mwa polisi. Sababu tunaijua sote. Hali ya Hatari ilikuwa imetangazwa India mwishoni mwa Juni mwaka huohuo, na bodi ya ukaguzi wa filamu haikutaka kumwona afisa wa polisi wa zamani kama Thakur akijichukulia sheria mkononi (mtu asiye na mikono, lakini tuyaache hayo). Mwongozaji Ramesh Sippy akalazimika kupiga mwisho mwingine. Kwamba alilazimishwa, sibishi. Ninachobisha ni ile tabia ya miaka hamsini ya kuuzungumzia mwisho huo kana kwamba ni mabadiliko madogo tu, jambazi kafa au hakufa. Kilichokatwa pale ni mfupa wa filamu nzima.

Tazama jinsi mfupa huo ulivyojengwa. Siku ya Holi kijiji kinavamiwa, bunduki iko miguuni pa Thakur, na Thakur haiokoti. Jai na Veeru, wahalifu wawili aliowaajiri Thakur wamkamate Gabbar, wanakasirika, na sisi pia tunakasirika, kwa sababu kamera imetuonyesha bunduki na imetuonyesha mtu aliyesimama tu, kajifunika shali. Ndipo inapokuja simulizi ya nyuma: Thakur kafungwa kati ya nguzo mbili, Gabbar kanyanyua panga mbili. Mhariri M. S. Shinde hatuonyeshi zinapotua. Anakata hadi wakati wa sasa, shali inaanguka, na mikono mitupu ya kanzu inabaki ikipepea. Hakuna neno linalosemwa kueleza kwa nini bunduki haikuokotwa. Picha imejibu swali ambalo picha yenyewe ililiuliza. Kuanzia hapo mtazamaji anajua silaha pekee ya mtu huyu ni miguu, na anasubiri kuiona ikitumika. Basi mwishoni Sippy anawarudisha Thakur na Gabbar palepale penye nguzo, viatu vinafanya kazi ya mikono, deni lililokopwa kwa picha linaanza kulipwa kwa picha, na kabla halijaisha anaingia mgeni kulifuta kwa maneno.

Wapo wanaoutetea mwisho huo kwa hoja kwamba Thakur alikuwa mtu wa sheria, hivyo kumkabidhi adui kwa sheria kunamrudishia heshima yake. Hoja hiyo ingesimama kama filamu isingekuwa imeshatoa ushahidi dhidi yake. Gabbar alishakamatwa mara moja, na Thakur mwenyewe. Akafungwa, akatoroka, akaja kuimaliza familia. Leo anarudishwa gerezani, na tunatakiwa tuamini kwamba safari hii kufuli litashika. Gereza tulilolifahamu katika Sholay ni lile la mwigizaji Asrani na masharubu yake ya Hitler, kichekesho kilichoazimwa kwa Chaplin na kurefushwa kupita kiasi, ambako Jai na Veeru walitoka kwa hila isiyoweza kumdanganya mtoto. Huwezi kuicheka taasisi kwa muda mrefu kisha ukaiomba ifunge hadithi yako.

Na isisemwe kwamba sheria haiwezi kushinda katika picha za Kihindi bila kuiharibu picha. Gunga Jumna ya 1961 inamalizika kwa polisi kumpiga risasi jambazi, na bodi nayo iliisumbua vya kutosha. Lakini polisi yule ni Jumna, ndugu wa Gunga, tumemwona akikua na kusomeshwa kwa jasho la anayemuua. Dilip Kumar, anayeigiza Gunga, anapoanguka, kila fremu iliyotangulia inaanguka naye. Katika Mother India ya Mehboob Khan, 1957, mama mwenyewe ndiye anayemfyatulia risasi mwanawe Birju. Hao wa picha hizo mbili ndio waliokuwa waongozaji. Walijua haki ikishinda lazima mtu tunayempenda ailipie, na walimpa bunduki mtu ambaye mkono wake ungetetemeka. Inspekta wa Sholay hatetemeki, wala hapotezi chochote.

Kinachouma zaidi ni kwamba mwisho wa awali ulikuwa na maadili kuliko ule wa bodi. Humo Gabbar anakufa, na Thakur hashangilii, anaangua kilio. Kisasi kimetimia na hakikumrudishia mtoto wala mjukuu. Hukumu juu ya kisasi imo katika machozi ya Sanjeev Kumar, anayemwigiza Thakur, na hotuba ya inspekta haifiki hata robo yake. Bodi iliondoa somo lilelile ililodai kulitetea.

Nakala iliyokarabatiwa na Film Heritage Foundation, ikaonyeshwa Bologna Juni 2025, imeurudisha mwisho huo, na tayari kuna wanaonung'unika kwamba watu waliipenda Sholay ya zamani, iachwe. Watu hao hao waliambiwa na picha nyingi kwamba steringi hafi, wakamwona Bachchan (Jai) akifa mikononi mwa Dharmendra (Veeru), na bado wakayajaza majumba ya sinema. Waliovumilia kifo cha Jai wangeshindwaje kuvumilia cha Gabbar? Mwisho wa bodi sasa hauna udhuru tena, kwani nakala kamili ipo, na atakayeendelea kuonyesha ile ya inspekta atafute kisingizio kingine kisicho Hali ya Hatari.