Ikiwashwa Tu, Bwawa Lote Linaamka!

Jamani, nimeiona ikifanya kazi! Mashine ya kuingiza hewa inayoelea juu ya bwawa la majitaka: mota imesimama wima juu ya boya la faibaglasi, shafti imeshuka hadi kwenye rafadha iliyo chini ya maji. Bonyeza swichi! Maji yanafyonzwa kutoka chini, yanagonga kichwa cha juu na kutawanyika pande zote kama mwavuli uliofunguka ghafla. Kila tone likiwa hewani linachukua oksijeni, kisha linarudi bwawani kwa bakteria, nao wana njaa kweli kweli.

Lakini kilichonikosha zaidi ni kitu ambacho hakimo: giaboksi! Mota inazungusha rafadha moja kwa moja. Hakuna gia za kusagika, hakuna oili ya gia ya kubadilisha. Na ufungaji wake, lo! Bwawa halikaushwi, zege halimwagwi. Inasukumwa majini, inafungwa kwa nyaya za chuma kwenye nguzo za ukingoni isije ikajizungusha yenyewe, kebo inaunganishwa, basi.

Sisi wa pwani tunaihitaji kuliko wenzetu wa baridi. Maji ya nyuzi 20 hushika takriban miligramu 9 za oksijeni kwa lita. Yakifika nyuzi 30 hushika kama 7.5 tu, na joto hilohilo linawazidishia bakteria kasi ya kula. Wabakizie miligramu 2 hivi kwa lita, na ile harufu ya mayai viza itakosa pa kutokea.

Haya, kasoro zake. Inarusha matone na povu, kwa hiyo angalia upepo unaelekea jikoni kwa nani. Matambara yanaipenda mno; bila chekeche zuri pale majitaka yanapoingilia, rafadha itasongwa. Bwawa likiwa na kina kirefu, tope la chini hailifikii. Na umeme! Katika mitambo ya kusafisha majitaka, kuingiza hewa peke yake mara nyingi hula nusu ya umeme wote au zaidi. Mimi ningeichukua pamoja na kipima oksijeni kinachoizima hewa ikitosha.

Hoteli, machinjio, shule ya bweni yenye bwawa linalonuka: anzeni na hii. Ila kabla ya kuuliza bei, mwulize muuzaji inaingiza kilo ngapi za oksijeni kwa uniti moja ya umeme. Akikutajia chini ya kilo 1, tena kwa maji safi, mmwage na utafute nyingine.