Halali haiishie ku nguruwe: lawama kwa sisi ma-agronomu

Ndugu na dada wa lisansi, leo nalaumu, na naanza na mimi mwenyewe.

Mwaka wangu wa kwanza wa kazi nilitumwa ku kijiji kimoja cha Maniema, upande wa Kasongo. Mradi, jina nalificha, ulikuwa wa kugawa nguruwe. Ku karatasi ulikuwa muzuri: jike linazaa mara mbili kwa mwaka, watoto nane ao kumi, na linakula mabaki ya shamba. Hesabu ile nilifanya mimi. Hakuna mutu aliuliza nani atakula ile nyama.

Karibu nusu ya familia walikuwa Waislamu. Kwa adabu hawakukataa mbele ya wageni. Walipokea, kisha wakauza kwa bei ya kutupa. Ripoti ikasema wanakijiji hawajaelewa mradi. Ni sisi hatukuelewa kijiji.

Wasomi wengi tunafikiri halali ni kukataza nguruwe na malafu, basi. Lakini muangalie sahani ya Maniema. Mchele uliletwa na wafanyabiashara Waswahili na Waarabu wa karne ya 19, wale wa Nyangwe na Kasongo, na dini ikafuata njia ileile. Samaki wa Lualaba hahitaji kuchinjwa, njo maana anakutanisha wote ku meza moja. Nyama ya pori iko na masharti: mnyama mwenye kukutwa amekufa ndani ya mtego ni mzoga, na makaku haliwi. Ku kilio, nimeona familia ya Wakristo wakimuita jirani Muislamu ashike kisu, ili mgeni yeyote asirudi na njaa. Hakuna sheria ya serikali iliyowalazimisha. Ni ujirani.

Lakini sitasifu tu. Qurani, ikitaja chakula halali, inataja pamoja nacho chakula kizuri. Sokoni tunauliza nani alichinja, lakini hatuulizi nyama imelala juani tangu saa ngapi, na nzi wanaona. Tunashika nusu moja ya sharti, tunaachilia ingine. Tena, kuku wa barafu kutoka ng'ambo tunamunua bila kuuliza kitu, juu bei ni ya chini, halafu tunamuhukumu mwindaji masikini kwa mtego wake. Kama sharti ni sharti, lishike wote.

Kwa sisi ma-agronomu, somo ni fupi. Mbele ya kuhesabu watoto wa mnyama, tukae na wamama wanaopika na wazee wa msikiti. Mbuzi, kuku, bata, bwawa la samaki: hakuna nyumba itakayofungia mlango hivyo. Swali la kwanza liwe: nani atachinja, na nani atakula?

Wenye walifanya kazi Kibombo ao Kabambare, muandike hapa chini. Ninyi mulikuta nini?