Mali ya Abdulla, maneno ya nani?

Juzi nilikuwa nyumbani Malindi, huku juu Lushoto, nikisoma habari za William Morris (1834–1896), Mwingereza mbunifu wa vitambaa, mshairi na mjamaa. Alitaka sanaa iingie nyumba ya kila mtu. Kitambaa chake cha 1883, chenye ndege wanaoiba stroberi, kinapendwa mpaka leo. (Wezi hao nawajua, huku kwetu wanamaliza plamu.) Lakini alichapa kwa mkono, kwa vibao vya mbao, na kazi ya mkono ni ghali. Kitabu chake cha Chaucer cha 1896 kilitoka nakala 425 za karatasi, paundi 20 kila moja. Mfanyakazi gani angekinunua?

Sasa njoo Mombasa. Mwaka 1887, Morris akiwa bado hai, Kaderdina Hajee Essak, maarufu kama Abdulla, alianza biashara yake pale. Yeye ndiye anayetajwa kuanzisha majina kwenye kanga, mwanzoni kwa herufi za Kiarabu. Hakuwa mjamaa, alikuwa mfanyabiashara, na kwa miaka mingi kanga zilichapwa ng'ambo. Ila zilifika Malindi.

Bibi yangu hakujua kusoma. Dukani alikagua pindo, akatazama mji, kisha ananisogezea: "Mjukuu wangu, hebu nisomee, inasemaje?" Nilikuwa darasa la tatu. Siku moja nikasoma jina la kijembe, akairudisha doti nzima. "Hii jirani atadhani namsema yeye." Ule ndio uhakiki wa kwanza niliousikia maishani, na sijui kama nimewahi kuandika ulio mkali kuuzidi.

Kinachoniudhi ni hiki. Morris ameandikiwa wasifu na wasifu. Kwenye kanga ya Abdulla imechapwa "Mali ya Abdulla", mwenye mali anajulikana, lakini aliyetunga yale maneno matatu manne hatajwi popote. Na sisi wahakiki tunabishana kuhusu riwaya ambazo hata majirani zetu hawajazisikia, huku maandishi yanayosomwa kila siku sokoni tukiyaita nguo tu.

Bibi alipofariki tuligawana kanga zake. Niliyopata mimi imepauka, jina limefutika nusu. Nikamuuliza mama ilikuwa inasemaje. Hakumbuki.