Kiashiria Peke Yake Hakitoshi

Katika rasimu za istilahi za tiba tulizozisoma hivi karibuni, tumeona neno kiashiria likitwishwa mzigo usio wake. Kila kipimwacho katika damu ya mgonjwa aliyepandikizwa ini kimeitwa kiashiria cha kushindwa kwa figo, kana kwamba vyote vinasema jambo moja. Havisemi.

Kuhusu kupandikiza hatuna ugomvi. Mkulima wa mpunga huling'amua mara moja: mche hung'olewa hapa, ukatiwa pale, ukashika au ukanyauka. Shida iko kwenye damu.

Tuchukue kreatinini. Hii ni taka itokanayo na misuli, nayo huchujwa na figo. Figo zikilegea, hulimbikizana katika damu. Lakini hupanda baada ya figo kuumia, pengine siku moja au mbili baadaye. Tena mgonjwa wa ini aliyekonda ana misuli haba, hivyo kreatinini yake huwa ndogo ilhali figo zimekwisha dhoofika. Kipimo cha MELD, ambacho Marekani ilianza kukitumia mwaka 2002 kuwapanga wanaongojea ini, huitegemea. Mwaka 2023 kilirekebishwa, kwa sababu mojawapo kwamba wanawake, ambao kwa kawaida misuli yao ni midogo, walionekana wazima kuliko walivyokuwa. Kwa upande mwingine ipo protini iitwayo NGAL, ambayo huweza kupanda saa chache tu baada ya figo kuumia.

Ya kwanza yatoa habari ya jambo lililokwisha kutukia. Ya pili yatangulia kushindwa kwenyewe. Twapendekeza kiashiria kibaki kwa ya kwanza, na ya pili iitwe kitangulizi. Wapo wanaopenda kitabiri. Sisi twakikataa, maana utabiri kwa msikiaji wa kawaida ni kauli ya mjuzi wa ghaibu, nayo haina "huenda" ndani yake. Wahenga waliosema dalili ya mvua ni mawingu walijua kwamba mawingu mengi hupita bila kunyesha. Mke wa mgonjwa akiambiwa damu imetabiri figo kushindwa, atawaita ndugu waje kuagana, kumbe daktari alitaka tu kupunguza takrolimasi, dawa izuiayo mwili usilikatae ini jipya lakini huzilemea figo.

Kushindwa nako na kubaki. Kufeli tuwaachie wanafunzi.