Daftari la Mchoraji wa Chamwino

Daftari zuri la michoro halijulikani kwa jalada. Lifungue katikati ulipakate: likilala wazi bila kushikiliwa, limeshonwa kwa uzi, fungu kwa fungu, halikubandikwa gundi tu. Kwa Chamwino, mkoani Dodoma, hilo si jambo dogo. Jua la Oktoba huikausha gundi mpaka ikavunjika kama biskuti, na upepo wa kiangazi ukazigawa kurasa kwa majirani. Mchoraji ninayemfahamu hubana kila upande kwa kibanio cha nguo, basi.

Karatasi ya fotokopi, gramu 80, hujikunja ikiguswa na maji. Yeye hununua ya gramu 200, kwani juu ya penseli hupitisha rangi ya maji, na kwa ukavu huu hulowesha ukurasa kwanza, la sivyo rangi hukauka kabla haijatandazwa.

Kazi yenyewe utaiona kwenye tamasha la muziki wa Wagogo, linalofanyika Chamwino tangu 2009. Wanawake wa muheme, ngoma ya Wagogo, hucheza wakiwa wameibana mapajani. Hakuna atakayesimama achorwe. Kuna ukurasa wake wenye magoti manane na hakuna uso hata mmoja. Husubiri mkono urudi palepale, ndipo auchore. Akikosea hafuti, hupitisha mstari mzito zaidi juu ya ule wa kwanza. Namuunga mkono: ile mistari hafifu ya chini ndiyo inayoonyesha ngoma ilikotokea. Pembeni huandika rangi kwa maneno, "udongo wa Mvumi", "majivu", za kupaka nyumbani.

Karatasi za kazi hujua kungoja. Mwaka 1951 huko Kondoa, mkoa huuhuu, mwanaakiolojia Mary Leakey alitandaza selofani juu ya miamba, akafuatisha michoro ya kale mstari kwa mstari, kisha akaihamishia kwenye karatasi na kuipaka rangi. Kitabu chake kuhusu michoro hiyo kilitoka 1983.

Hapa wahakiki hawangoji kiasi hicho. Ngoma ikipumzika, kina mama hulichukua daftari na kulipekua.

"Mwanangu, ngoma yangu mbona umeishusha magotini?"

"Nitaipandisha, mama."

Akachora mshale kuelekea juu, akaandika kando yake: vidole vitatu.